Chungu Kilichopikiwa

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na miaka ile ya hamsini wanawake wa Ifakara walishaanza kumpita wakiwa na sufuria za dukani kichwani. Yeye hakuwalaumu. Alitaka kitu kimoja tu: kazi ya mikono yake isife naye. Basi karani wa boma alipokuja kusema kuna kamati huko pwani inachagua vitu vya asili vya kuwekwa kwenye makumbusho, mama alitoa chungu chake kizuri kuliko vyote.

Lakini kwanza akakitumia. Kwetu chungu kipya huchemshiwa uji wa pumba za mpunga ili kisivuje, kisha hupikiwa chakula, watu wakala. Kumpa mtu chungu ambacho hakijaona jiko ni kumdharau. Mama akapika wali, tukala, akakiosha, akamkabidhi karani kikiwa na masizi yake ya nje.

Kilirudi baada ya masika.

"Shikamoo, mama," karani alisema, macho chini. "Kamati imekikataa. Wanasema kimeshatumika, hakina umuhimu."

"Marahaba, mwanangu. Nani kasema?"

"Kamati."

"Haina majina?"

"Majina hayatolewi."

"Ala!" Nilishindwa kunyamaza. "Hata anayekataa posa hujulikana ni baba wa nani! Hawa wamejificha wapi?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alionyesha chungu kingine pale ukutani, chekundu, ndiyo kwanza kimechomwa. "Nipe hicho, mama. Haki ya Mungu, hicho watakipokea."

Mama alikitazama. Nilijua jinsi alivyotaka kazi yake ihifadhiwe. Moyoni nilikuwa nasema, mpe, mama, mpe yaishe.

"Hicho bado ni udongo," alisema. "Siwezi kuwapa watu udongo nikawaambia ni chungu. Wakitia maji kitavuja, halafu watasema ndivyo tulivyokuwa tukiishi."

Karani akapanda baiskeli yake akaondoka mikono mitupu. Mimi nililia kwa hasira, wala sikuona haya.

"Unalia nini?" mama aliniuliza. "Wao wamekataa. Wewe je?"

Nilikuwa mke wa mtu tayari, na sikuwa nimewahi kufinyanga hata kibakuli. Kesho yake alfajiri nilichukua jembe, nikamtangulia kwenda bondeni kuchimba udongo.