Maisha ya Mama Moto Mdogo, Aliyezuia Makaroni Miaka Tisa

Alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Februari 1941, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na kiwanda cha sabuni. Hakuna nyota iliyoonekana wala kengele iliyojigonga yenyewe. Mkunga alimfuta, akamgeuza, akasema, "Huyu ana mapafu ya mnadi," kisha akaenda zake kunywa chai. Utoto wake haukuacha dalili kubwa za utakatifu, isipokuwa kwamba aliweza kusimama kwenye foleni bila kumsukuma mtu, karama ambayo hata wanakwaya wengi hawajajaliwa. Mwaka 1961 aliajiriwa kupiga pasi katika hospitali ya masista, mashuka mia moja na ishirini kwa siku, na kwa miaka miwili hakuna aliyemtazama mara mbili.

Wito ulimjia Machi 1963, saa nne asubuhi, kwa njia ya pua. Chumba cha pasi na jiko la hospitali vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na mpishi alikuwa sista mzee wa Kiitaliano, mfupi, mnene, mwepesi wa hasira. Asubuhi hiyo msaidizi wake alikuwa akikaanga vitunguu, karoti na mabua ya selari kwa mafuta ya zeituni, naye alikuwa ameongeza moto ili amalize upesi. Harufu ya kuungua ikapenya dirishani. Mpiga pasi akaingia jikoni bila hodi, akapunguza moto, akarudi kwenye mashuka yake. Sista akamfuata mbio.

"Wewe! Nani kakufundisha?"

"Pasi, Sista. Ukiizidishia moto, shuka halinyooki, linaungua."

Sista alimvua msaidizi aproni, akamvika binti huyo. Kuanzia siku hiyo jina lake la ubatizo lilibaki vitabuni, na watu wakamwita Moto Mdogo.

Kwa miaka kumi na moja alijifunza minestroni, ile supu nzito ya mboga ya Kiitaliano, na baadaye akaipika nyumbani kwake kila Jumapili bila kupunguza hatua hata moja. Maharage aliyaloweka tangu Jumamosi. Vitunguu, karoti na selari alivikata vidogo, akaviacha vilainike juu ya moto hafifu kwa nusu saa nzima, visibadilike rangi. Kitunguu saumu kikafuata, halafu nyanya, viazi, kabichi, mamumunye machanga, maharage na maji, pamoja na ganda gumu la jibini ambalo watu wengine hulitupa. Vyote vikachemka taratibu mpaka kijiko kipite kwa shida. Makaroni yalikuwa na sheria yake, naye aliipokea kwa sista kama mtu apokeavyo amri: hayaingii sufuriani mpaka mlaji wa mwisho amekaa. Yakiingia mapema, yanakunywa supu yote na kuvimba, na aliyechelewa anakuta gundi.

Aliolewa na fundi bomba mpole, wakajaliwa wana wawili. Mkubwa akawa dereva wa gari la wagonjwa, mdogo akawa mpima ardhi katika mji ulio umbali wa saa nne kwa basi. Hapa ndipo majaribu yalipomkuta. Fundi bomba aliugua na kufariki mwaka 1990, na yule mdogo, aliyekuwa porini na vipimo vyake, alifika wakati kaburi limeshafukiwa. Kaka yake akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Baba alikuulizia mpaka sauti ikakata. Rudi huko huko kwa mawe yako." Mdogo akageuka na begi lake begani. Hakurudi.

Jumapili iliyofuata mama alipika kama kawaida. Akapakua. Dereva akakoroga sahani yake, akakoroga tena.

"Mama, makaroni yako wapi?"

"Hatujatimia."

Alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, na akaendelea kujibu hivyo kwa miaka tisa. Hakulia mezani, hakununa, hakumhubiria mtu. Alipakua tu mboga na maharage, na pakiti ya makaroni ikakaa kabatini imefungwa. Wajukuu walizaliwa, wakaota meno, wakaanza shule, wakijua kwamba supu ya bibi ni ya mboga basi. Paroko alikuja kula, akajaribu kumwombea hata konzi moja kwa ajili ya wageni. Akajibiwa kwamba yeye hakupungua, aliyepungua ni mwingine. Mwanawe mkubwa ndiye aliyemjaribu zaidi, kwa kuwa alirithi ulimi.

"Mama, hii si supu. Huu ni mgomo."

"Basi uvunje wewe, baba. Namba yake unayo."

Dereva akacheka, akaomba kuongezewa, na simu hakupiga. Mama alirudi jikoni kuosha sufuria. Alichokitaka hakikuwa siri kwa mwanawe huyo: kuwaona wanawe wawili kwenye meza moja kabla hajafa. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alikuwa ameacha kumtania.

Jumapili, tarehe 13 Juni 1999, aliamka na homa, hakuweza kusimama. Mkewe dereva, mwanamke mchapakazi aliyeingia katika ukoo baada ya msiba na kudhani habari ya makaroni ni utani tu wa mama na mwana, akapika badala yake. Alipofungua kabati akaona pakiti, akaona utani umetosha, na saa nne asubuhi akaimimina yote sufuriani kwa nia njema. Saa saba mchana kijiko kilisimama wima kama mlingoti.

Dereva aliwekewa sahani. Makaroni yalimtazama, naye akayatazama. Watoto walishangilia, yeye hakugusa. Kwa miaka tisa alikuwa ameyadai kwa mzaha, na sasa yalikuwa mbele yake, na maana yake ilikuwa kwamba nyumba imetimia bila mdogo wake. Akanyanyuka, akaenda kwenye simu ya ukumbini. Mama, kitandani, mlango ukiwa wazi, alisikia upande mmoja wa maneno. Upande wa pili mpima ardhi mwenyewe aliusimulia baadaye.

"Makaroni yamewekwa bila wewe."

"Nani kayaweka?"

"Shemeji yako. Hakujua."

"Yameharibika?"

"Kabisa."

"Na wewe umekula?"

"Hayapiti, bwana mdogo. Nilikosea siku ile. Njoo."

Alishuka kwenye basi saa moja jioni, na mke na watoto watatu ambao bibi yao hakuwa amewahi kuwashika. Ndugu walisimama mlangoni kama watu ambao kila mmoja anataka kumpisha mwenzake. Mama akatoka chumbani amejifunga shuka, akishika ukuta, akawatazama wote wawili kwa zamu, akasema, "Mmenawa mikono?"

Wakanawa. Akaagiza maji ya moto na chumvi, akaikoroga ile gundi mpaka ikakubali kuwa supu tena. Sufuria la watu sita likawashibisha kumi na mmoja, na likabaki. Waamini wa mtaa huo huliita jambo hilo muujiza. Wapishi husema ndivyo makaroni yavimbavyo. Yeye mwenyewe alipoulizwa alisema pande zote mbili zimalize kula kwanza, zibishane baadaye.

Aliishi miaka sita na ushei zaidi. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Machi 2006, wana wake wakiwa pande mbili za kitanda, wakibishana kwa sauti ya chini kama dirisha lifunguliwe au lifungwe. Wauguzi walitaka kuwanyamazisha. Yeye alitikisa kichwa, akawaacha waendelee, akalala humo humo katika mabishano yao.

Kanisa halijamtangaza, wala hakuna aliyepeleka barua. Lakini anayetaka kumfuata ana njia: akate vitunguu vidogo, apunguze moto, na kabla ya kufungua pakiti, ahesabu viti. Kikiwa kitupu kimoja, supu inaweza kungoja dakika chache. Anyanyue simu.