Ngazi Alizochora Shemeji

Dada yangu ni mpiga picha, na mimi nasuka nywele chumba cha pili, kwa hiyo kutwa nzima namsikia akiwaamuru watu: "Kidevu juu! Bega chini! Cheka kama mtu aliyeshiba!" Mtaa mzima unamwita Mama Kidevu. Nyuma ya wateja wake linaning'inia pazia kubwa lenye magofu ya kale: nguzo, tao la mawe na ngazi pana. Alilichora marehemu shemeji kwa kuangalizia kalenda. Mbele yake kuna kijukwaa cha mbao alichokipaka rangi ileile ya mawe, ili ukisimama juu yake uonekane umepanda ngazi.

Shemeji alikuwa na ahadi moja isiyomtoka mdomoni: "Watoto wakipata akili kidogo, nawapeleka nyote mkayaone kwa macho." Hakujaliwa. Watu wakaendelea kupigwa picha kwenye magofu, na sisi tukaendelea kuyapangusa vumbi.

Mwaka huu dada alichoka kungoja. Binti yake amepata chuo cha uuguzi, mbali, na likizo hii ikiisha anaondoka. Kitinda mimba naye bado anakubali kushikwa mkono hadharani, jambo ambalo halina maisha marefu.

"Nikikosa sasa, nimekosa," aliniambia huku akifuta lenzi. "Nataka picha moja tu. Mimi na wanangu, pale penyewe. Niwe ndani ya picha, si nyuma ya kamera."

Nilipofikiri nikaona ni kweli. Watoto wana picha chungu nzima, na mama yao hayumo hata moja.

Wengine wakipanga safari huanza na mabegi. Dada alianza na chaki. Alichora alama sakafuni, kama anavyowafanyia maharusi, ili kila mtu ajue mahali pake: binti ngazi ya juu, kitinda mimba ya kati, yeye ameketi chini. Kitinda mimba akauliza kama huko kuna choo. Nikamwambia watu wa kale nao walikuwa na matumbo.

Kisha dada akampigia simu mlinzi wa magofu, kumuuliza asubuhi jua linapiga ngazi upande gani.

"Ngazi zipi, mama?"

"Hizo za chini ya tao."

"Hapa hakuna ngazi. Tao limekaa chini kabisa. Nimefanya kazi hapa tangu ujana, sijawahi kupanda popote."

Dada alishukuru, akakata simu, akalitazama pazia.

"Alinidanganya," alisema. "Miaka yote hii nawapanga watu kwenye uongo. Basi, hatuendi."

Nilipandwa na hasira. "Unavunja safari kwa sababu ya ngazi? Na huyu mtoto anaondoka? Umeingiwa na nini, dada?"

Dada alianza kufuta chaki kwa soli ya kiatu.

Binti alikuwa amesimama ukutani, mbele ya picha ya harusi ya wazazi wake, ya kwanza kabisa kupigwa kwenye pazia lile.

"Mama, baba alikuwa anakufika wapi?"

"Begani. Kwa ajili yake sikuvaa kisigino maisha yangu yote."

"Mbona hapa mmelingana?"

Tukasogea sote. Shemeji alikuwa pale, kidevu juu, amesimama kwenye kijukwaa chake, na ngazi za pazia zimemfichia siri. Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine.

"Mjanja yule," alisema akijifuta macho. "Kanijengea ngazi nzima ili anifikie. Jamani, nimemkumbuka mume wangu."

Alipoinuka alichukua chaki, akachora upya. Safari hii hakuna aliyepanda juu. Wote usawa mmoja, chini ya tao. Kijukwaa akakiburuta hadi ubavuni mwake.

"Kinakwenda na sisi," alisema. "Kondakta akilalamika, niachieni mimi."

Akanikabidhi kamera nijaribu. Kitinda mimba, kwa mazoea, akakirukia kijukwaa. Binti akamshika mkono taratibu.

"Shuka. Hapo pana mtu."

Nikainua kamera. Dada alinyanyua kidevu mwenyewe, bila kuamriwa.