Kilomita Zilizopungua Kati ya Mtwara na Mwanza

Kutoka Mtwara hadi Mwanza kwa basi ni siku mbili, njia ikiwa nzuri. Kwa ndege, hata ukibadilishia Dar es Salaam, chai unakunywa Mtwara na jioni unakula sangara. Hayo niliyajua kwenye simu tu, maana kupanda ndege ndiyo ndoto yangu. Nauza korosho za kukaanga Likombe, na kila nilichobakiza nilikiweka kwa ajili hiyo.

Kisha dada akapiga simu kutoka Mwanza. Siku za kujifungua mtoto wake wa kwanza zilikuwa zimefika, mumewe yuko kazini mbali. "Namtaka mama," alisema, akashindwa kuendelea kwa kilio. Nikaivunja akiba yangu, nikamkatia mama tiketi. Basi lisingewahi.

Kwetu kijijini Mahurunga, anakoishi mama, mtu haendi mbali bila kumiminiwa unga. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli. Jioni aliumimina unga wa mtama karibu na mlango, ukasimama kama kichuguu. Ukikutwa mzima asubuhi, unasafiri. Tuliukuta umetawanyika.

"Wazee wamekataa," mjomba akasema.

"Hizo ni nyayo za kuku, mjomba. Wazee hawana makucha."

"Na kuku katumwa na nani?"

"Na njaa!"

Mama akaficha kicheko kwenye kanga. Mjomba hakucheka.

"Na hiyo safari yenyewe siielewi. Umesema kwa barabara ni kilomita elfu moja na mia saba, kwa ndege elfu moja na mia mbili na ushee. Hizo nyingine kazichukua nani?"

"Hajachukua mtu, mjomba. Barabara inazunguka, ndege inakata moja kwa moja."

"Dada yangu simpeleki kwa njia iliyopunguzwa!"

Hapo ndipo nilipochoka. Mama alikuwa amekaa na begi magotini, macho yake yanahama kwangu, yanahama kwa kaka yake, na huko Mwanza dada analia peke yake. Nikalibeba lile begi.

"Mjomba, shikamoo na kwaheri. Unga kaumimine tena ukipenda. Wazee wakiwa na lawama, waambie nipo, wanilaumu mimi."

"Darasa lenyewe hukumaliza, umekuwa rubani!"

"Sijawa bado."

Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Kaka, niwie radhi. Mwanangu ananiita." Akatangulia yeye kutoka, mimi nyuma yake. Sijawahi kumpenda kama asubuhi ile.

Uwanjani walipomwambia aingie kukaguliwa, akaanza kuvua kandambili. "Huko ndani ni msikitini?" akaniuliza. Nikasema twende tu. Ndege ilipopaa nilikuwa nje ya uzio, naruka na kupiga kelele hadi mlinzi akanisogeza.

Jioni, nimesharudi Mahurunga, simu ikaita, mjomba akiwa pembeni yangu.

"Nimefika," mama akasema. "Uchungu umeanza, dada yako kanishika mkono, hataki kuniachia. Na wewe mbona hukuniambia mawingu ukiyaangalia kwa juu ni mazuri hivi?"

Mjomba akakohoa. "Imekuwa bahati tu."

"Sawa, mjomba," nikamwambia, nikifuta machozi huku nacheka. "Kesho naanza kuweka akiba upya. Na unga wangu usihangaike kuumimina."