Niliwaambia lile duka ni la matapeli, sasa mzigo wangu kutoka huko uko njiani

Admin, jina langu lifiche, na hata jina la stationery ninayofanyia kazi usiliweke, maana Bariadi ni ndogo na huu ukurasa wako wanausoma mpaka wauza karanga wa stendi. Mimi ni binti wa miaka 23, sijaolewa, kwetu ni Dutwa. Kidato cha nne nilifeli, nikaja mjini kufagia stationery, na hapo hapo nikajifundisha kompyuta kwa kuchungulia. Bosi akienda kula, nakaa mimi. Leo nachapa barua bila kuangalia vidole, na mashine ikigoma naifungua mwenyewe kwa bisibisi. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Hilo naomba mlikumbuke kabla hamjaanza kunitukana.

Nina mdogo wangu wa kiume, nimwite Masunga. Mwaka huu baba aliamua kumnunulia kompyuta afungue stationery pale Dutwa, akapeleka maksai mmoja mnadani. Masunga jamani! Mtu ambaye akitaka kuzima kompyuta anachomoa waya ukutani! Nikamuuliza baba, "Na mimi je?" Akacheka, wala si kwa ubaya, akaniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, "Mayu, wewe utaolewa. Nikikununulia wewe si nitakuwa nimewanunulia watu wengine?" Nikacheka na mimi. Halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia kama mtoto.

Wiki hiyo hiyo Masunga akaja mjini na simu mkononi. Kapata duka la Dar mtandaoni, wanauza kompyuta za mtumba kutoka nje, bei ya kutupa, unatuma hela wanakuletea mzigo kwa basi. Akaniambia, "Dada, hebu wachunguze hawa. Baba kasema wewe ndiye unayejua. Ukikubali natuma, ukikataa naacha."

Nikawachunguza kweli, hiyo kazi naipenda! Niliwapigia kwa laini mbili tofauti, leo najifanya mwalimu, kesho najifanya mama mwenye duka, nione kama maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Nikawaambia waandike jina langu kwenye karatasi, waibandike kwenye kioo cha kompyuta ikiwa imewashwa, wanipigie picha. Ikaja baada ya dakika kumi. Nikauliza kwa nini bei iko chini hivyo, yule kaka akajibu, "Sista, herufi za kibodi zimefutika na betri haikai sana. Usije ukasema hatukukwambia." Nikaenda ofisi ya mizigo ya basi, wakaniambia mizigo ya hao inashuka kila wiki, na mwalimu mmoja wa Malampaka alichukua wake juzi. Nikapanda pikipiki mpaka Malampaka! Mwalimu akanipa kompyuta nikaipekua mpaka ndani. Safi kabisa.

Nikarudi roho inawaka. Njia nzima namuona Masunga kakaa nyuma ya kompyuta, watu wanamwita fundi, na mimi niko kwa bosi nafagia. Nilipofika Dutwa, baba na Masunga wamekaa wananisubiri kama majibu ya hospitali. Mdomo ukasema wenyewe, "Matapeli hao. Bei gani ile, kompyuta au kuku?"

Baba akanishukuru, "Wabeja, mayu. Umetuokoa." Nikala ugali wao, nikarudi mjini.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe Masunga hakutulia, akatafuta muuzaji mwingine, na safari hii hakuniuliza mimi, alikuja kunisimulia baadaye. Baba mwenyewe alichukua simu, akasalimia, "Mwangaluka!" Upande wa pili ukajibu Kisukuma kilichonyooka, "Mwangaluka bhabha, mhola?" Wakaulizana mvua, wakaulizana ng'ombe. Baba akakata simu akasema, "Huyu ni wa kwetu, hawezi kutuibia. Tuma."

Boksi liliposhuka waliniita nikashuhudie. Masunga alilifungua pale pale mbele ya ofisi ya mizigo. Ndani mlikuwa na vigae viwili vya sakafu vimefungwa kwenye sweta kuukuu. Kuli mmoja akasema, "Dogo, kompyuta hizo unachapia chooni," watu wakacheka. Na baba, baba yangu mimi, akanigeukia akasema, "Mayu, wewe ulituambia watu wa mtandaoni ni wezi. Huyu hasikii." Mbele za watu. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu mwenye hekima.

Maksai aliyebaki hana mwenzake, na plau haivutwi na mmoja, kwa hiyo msimu huu baba na mama wanalima pamba kwa jembe. Masunga kafukuzwa nyumbani. Analala kwangu jikoni, anaamka mapema kuliko mimi na kunichotea maji. Juzi akaniambia, "Dada, bora ningekusikiliza." Nilimwaga chai.

Sasa shida yenyewe hii hapa. Siku moja kabla ya vile vigae kufika, zamu yangu ya kupokea hela ya mchezo tunaochangiana ilikuwa imefika, na ile hela yote nilikuwa nimeituma kwa lile duka la kwanza. Nililosema ni la matapeli. Wamenipigia jana, basi lenye mzigo wangu linafika Jumamosi. Na Masunga amepata kibarua stendi, kwenye ofisi ile ile ya mizigo, yeye ndiye anayeshusha maboksi. Jina la duka huwa wanaliandika kubwa juu ya boksi, na yeye analijua, maana yeye ndiye aliyenionyesha.

Naweza kumtuma mtu mwingine akachukue. Naweza kumwambia Masunga ukweli leo akirudi. Naweza hata kumpa hiyo kompyuta aende nayo Dutwa, baba amsamehe. Lakini nikifika hapo kwenye kumpa, roho inakataa, nasikia tena, "Wewe utaolewa." Ndugu zangu, nitukaneni mkimaliza nijibuni: nianze na lipi kabla Jumamosi haijafika? Yuko hapa nje sasa hivi, ananifulia viatu vya kazini.