Moshi wa Ng'ambo ya Bonde

Tulihama kwa ajili ya shule, na mpaka leo nikisikia mtu anatafuta nyumba karibu na shule, nachoka mimi kabla yake.

Enzi hizo za Mwingereza mume wangu alikuwa nyapara wa kikosi cha barabara, kambi yao ikiwa Makambako. Walifukia mashimo ya barabara ya Njombe, mvua ikinyesha mashimo yanarudi, nao wanarudi. Tuliishi Kitandililo, kwenye shamba la baba yake. Nyumba ilikuwa yetu, hatukumlipa mtu. Asubuhi alikwenda kambini kwa baiskeli, jioni akarudi mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mungu alitupa watoto watatu akatuachia mmoja, binti.

Binti huyo alimaliza darasa la nne kwenye shule yetu ya udongo, akafaulu. Furaha ilidumu mpaka mwalimu alipotukumbusha kwamba darasa la tano la wasichana halikuwepo Kitandililo wala Makambako. Lilikuwa misheni, nje kidogo ya Njombe, mbali kiasi kwamba hata mtu mzima asingeenda na kurudi siku moja kwa miguu.

Wifi yangu alikuwa na jibu tayari. "Mpelekeni kwa baba mdogo pale Njombe. Nyumba yake kubwa."

"Na watoto wake wadogo wengi," nikasema.

"Sasa watoto wamekukosea nini?"

Hawakunikosea kitu. Lakini nilijua vizuri jinsi binti anavyosoma akiwa kwa ndugu. Anaamka kuchota maji, anaogesha watoto, anasonga ugali, na shule inapata nguvu zilizobaki. Mimi nililelewa hivyo, na ndiyo maana niliishia darasa la pili. Nikamwambia mume wangu waziwazi: mwanangu atasoma, lakini atalala mahali ambapo naweza kumfunika blanketi mwenyewe. Kama shule haiji kwetu, sisi tutaifuata.

Hapo tukaanza kupima, na nyumba ikakosa amani. Mume wangu alikwenda mjini Njombe kutazama vyumba vya kupanga nyuma ya maduka. Alirudi anatikisa kichwa. "Kodi ni nusu ya mshahara, na ukinyoosha miguu unamgusa jirani." Kambini Makambako tungepata nyumba ya bati bila malipo, naye angefika kazini kabla chai haijapoa, ila shule ndiyo hakuna. Ikabaki misheni. Pale mtu wa kanisa aliweza kupewa kipande cha ardhi akajenga bure. Mume wangu angelala kambini na kuja Jumamosi kwa lori la kazi, kama barabara inapitika. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiifukia, alijua vizuri hiyo "kama" ilikuwa na uzito gani.

Bure yenyewe ilikuwa na masharti. Misheni haikutaka mgema kwenye ardhi yake, na mimi nilikuwa mgema. Nilikuwa na mianzi yangu nyuma ya nyumba, niliyoipanda nilipoolewa. Ulanzi, pombe ya kwetu, unatoka kwenye mwanzi mchanga uliokatwa ncha. Kila asubuhi na kila jioni unaukata kidogo tena, unatega chombo, utomvu unadondoka. Ukiuacha siku chache unakauka, haukungoji. Baiskeli ya mume wangu ilitoka kwenye mianzi ile, na karo za binti, na sanda za wale wawili. Hakuna mtu aliyenisaidia kuigema.

Siku tuliyokwenda kuonyeshwa kiwanja, mzee wa kanisa alituuliza mambo mawili: kama tunapika pombe na kama tunahudhuria ibada. La kwanza nilijibu kwamba tumeacha, ingawa asubuhi ileile nilikuwa nimegema. Kisha tukauliza sisi. Tuliuliza maji yako wapi, kuni zinakatwa wapi, lori linasimama wapi, viazi vinakubali au udongo ni mchungu. Kiwanja kilikuwa ukingoni mwa bonde dogo. Upande wa pili, juu kidogo, yalionekana madarasa ya wasichana, na chini yake chemchemi. Nilisimama pale nikapima kwa macho. Nikamwona mwanangu anateremka, anavuka, anapanda, anaingia jikoni kwangu. Nikasema hapa.

Mianzi nilimwachia wifi. Alifurahi, na nilimchukia kwa kufurahi kwake. Wenzake mume wangu walikuja Jumamosi kadhaa kusimamisha nyumba, tukaezeka nyasi, tukahama kwa lori, mimi na masufuria juu ya mchanga na makoleo, upepo unatuchapa njia nzima.

Shule ilipofunguliwa nilimvalisha binti gauni jipya, nikamfungia viazi vya kuchemsha, tukavuka bonde. Mama msimamizi alimtazama juu mpaka chini.

"Kamwene, mama. Blanketi lake liko wapi?"

"Blanketi la nini? Nyumbani ni pale." Nikamwonyesha. Nyasi za paa zilikuwa bado za njano.

"Wasichana wote wa hapa wanalala bwenini, mama. Wa karibu na wa mbali. Hakuna anayekwenda nyumbani mpaka likizo. Wazazi wanakuja Jumapili moja kwa mwezi."

Nilidhani ananitania. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Kwetu shule ni kwenda asubuhi na kurudi jioni, hatukuwahi kuijua nyingine, basi tuliuliza kila kitu isipokuwa hilo. Na pale misheni kila mtu alilijua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kulisema. Nilivuka bonde peke yangu, nikachukua blanketi letu zuri, nikavuka tena, nikamkabidhi msimamizi. Viazi nilirudi navyo.

Basi hivyo ndivyo tulivyokaa. Tulihama ili tuwe pamoja, tukawa watu watatu sehemu tatu. Mume wangu Makambako kwenye bati. Binti bwenini. Mimi katikati, mlinzi wa nyumba isiyo na mtu, na vigoda vitatu. Asubuhi niliwasikia wasichana wakiimba, nikatega sikio nimpate wangu, sikumpata. Masika yalipoanza lori halikuja. Mume wangu alifika siku moja kwa miguu sehemu ya mwisho, matope mpaka magotini, akakaa karibu na moto bila kuvua viatu.

"Mama," akaniambia, "mimi nimechoka. Twende Makambako. Pale baridi, pale upepo, lakini tutalala pamoja. Huyu mtoto tayari yuko mikononi mwa watu."

Kwa kweli nilikuwa nimechoka kuliko yeye, ila sikuwa na mtu wa kumwambia kila siku. Tukakubaliana lori lijalo tunapakia. Nilibaki kufunga mizigo.

Jumapili ya wazazi nikaenda kumuaga binti. Tulikaa kwenye nyasi nje ya bweni. Alikuwa amekonda kidogo na amerefuka. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mama, juzi ulichelewa kuamka?"

"Kwa nini?"

"Tunapochota maji asubuhi natazama moshi wako. Nikiuona najua umeamka, uko mzima. Juzi haukutoka mpaka kengele ikalia, nikashindwa kula uji." Akachuma jani la nyasi. "Wenzangu wa mbali hawana cha kutazama. Nao wanatazama wako. Wanauita moshi wetu."

Nilikuwa nimekwenda kusema neno moja, na nikalimeza. Nikamwambia juzi kuni zililowa, haitatokea tena.

Lori lilipokuja, mume wangu alikuta mizigo imefungwa na mimi nimekaa juu yake. Nilimweleza. Alikasirika kwanza, tena kwa haki. Akasema sisi si mnara wa kuwaonyesha watu njia. Kisha akainuka, akafungua kamba ya gunia, akatoa sufuria, akaliweka jikoni. Dereva alikuwa anapiga honi. Akaondoka na lori tupu.

Miaka yote ya shule ile niliwasha moto mapema, hata siku ambazo sikuwa na njaa wala cha kupika. Nilijifunza kuchanganya kuni kavu na majani mabichi ya miti ya miwati ili moshi uwe mzito, unaoonekana hata kwenye ukungu. Macho yangu yaliharibika hapo. Mume wangu naye aliendelea kuja na kurudi juu ya mchanga, kifua kikaanza kumbana, na baiskeli ikaota kutu Kitandililo. Wifi alileta habari kwamba mianzi imekauka, alisahau kuigema alipokuwa kwenye msiba wa jirani.

Binti alimaliza, akachukuliwa kusomea ualimu mbali kusini, mahali ambapo hata jina lake nilijifunza kulitamka. Wiki hiyo mume wangu akaja na lori, na safari hii nilipanda.

Nyumba ya kambini ilikuwa ya bati, na jiko ni mafiga matatu nje, upande wa upepo. Asubuhi ya kwanza niliwasha moto. Upepo wa Makambako hauruhusu moshi kupanda. Uliulaza chini, ukauingiza ndani, mume wangu akatoka anakohoa na kipande cha bati mkononi, anahangaika kuukinga.

"Acha," nikamwambia. "Hakuna anayeutazama."