Kabla Hujaleta Meza Kuukuu Sebuleni

Nakumbuka alasiri moja baba mkwe wangu aliingia sebuleni kwangu, akagusa meza, akaomba samahani kama mgeni na kutoka nje. Mwanangu, nitakueleza ilivyokuwa, lakini niache kwanza nipumue. Jana nilikuwa kwa mjukuu wangu Wangechi, Nyeri mjini, na kichwa bado kinaniuma.

Wangechi amenunua meza ya katikati ya sebule. Ati ni ya kale. Aliitoa Chaka, kando ya barabara, kwa kijana aliyemwapia kwamba ilitoka nyumba ya mzungu wa zamani. Mimi niliinama nikaangalia chini yake. Mbao ya saipras, kwa chini bado nyeupe kama mkate, na kwa juu imepakwa oili chafu ya gari na kupigwapigwa na mnyororo ili ionekane imeteseka.

"Huyu mzungu alihama wiki iliyopita," nikamwambia.

"Shosho, hiyo ni staili," akasema, akicheka. "Watu wanapenda hivyo."

Juu ya hiyo staili ameweka mishumaa isiyowashwa, vitabu visivyosomwa, na tawi kavu ndani ya chupa. Nilipoletewa chai nilikaa na kikombe mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Meza iko hapa mbele ya magoti yangu, na haina mahali pa kikombe.

Halafu akaniuliza kama anaweza kuchukua ile meza yangu kuukuu ya nyumbani, aikate miguu iwe fupi, aipake rangi nyeupe, kisha aikwaruze hiyo rangi. Nilinyamaza. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kunyamaza, kwa hivyo leo nasema.

Meza hiyo iliundwa na baba mkwe wangu, Mzee Maina, ambaye alikuwa fundi wa mbao huku Kieni. Ni ya muthaiti, ule mti wa mlimani wenye harufu kali kama dawa ya nondo. Hakutia msumari hata mmoja. Alichonga ncha na matundu, akazipachika ncha matunduni, na mpaka leo haijalegea. Alitupatia siku tulipooana, mimi na mwanawe Kariuki.

Miaka ikaenda, macho ya mzee yakafa. Alikaa na mama mkwe katika nyumba yao ndogo ng'ambo ya uwanja wetu, na kila alasiri alikuja kwangu kunywa chai. Kushikwa mkono hakutaka kabisa. Alikuja na fimbo mpaka mlangoni, akapiga hatua nne, mkono wa kushoto ukashika kona ya meza, ukateleza kwenye ukingo mpaka mwisho, na hapo palikuwa na kiti chake. Ndiyo safari pekee aliyobaki nayo ya kwenda bila kuvutwa kama mbuzi. Sisi wote tulijua hivyo, na mimi nilijua kuliko wote.

Lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa na jirani. Mke wa mwalimu alikuwa ameletewa meza ya fomaika, ile ngozi ngumu ya plastiki inayong'aa, ndiyo ilikuwa imeshika siku hizo. Kila akija kwangu anapitisha kidole juu ya meza yangu, kisha anakiangalia hicho kidole.

"Mama Gathoni," akaniuliza siku moja, "hii meza yenu ilishuka na Nuhu?"

Nikaita fundi kutoka Karatina. Aliipapasa ile mbao, akasita, akaniuliza kama nina hakika, maana mbao ni nzuri.

"Nimekuita kugonga ama kuhubiri?" nikamwambia.

Basi akagonga. Fomaika ya kijani juu, gundi chini yake, na ukanda wa bati ukazungushwa ukingoni kwa vimisumari. Nikaigeuza meza iangalie upande mwingine, nikaisukuma katikati kabisa ya chumba kama ya mke wa mwalimu. Nilitaka kila mtu aione. Nikamsahau yule mmoja ambaye hawezi kuona.

Saa kumi akaja. Mke wa mwalimu alikuwa ameketi, ameitwa makusudi. Mzee akapiga hatua zake nne, mkono ukashika hewa. Akasogea, mfupa wa mguu ukagonga. Akainama, vidole vikagusa bati baridi, na pua ikapata harufu ya gundi. Akasimama wima.

"Samahanini, wenye nyumba," akasema, kwa ile sauti ya adabu ya mtu aliye ugenini. "Mimi ni mzee sioni. Nimepotea. Nilikuwa naenda kwa mwanangu Kariuki."

Nami nilikuwa pale na birika mkononi, mwanangu, na sikufungua mdomo. Ningesema amefika, ningelazimika kueleza mbele ya yule mwanamke ni kwa nini hajui amefika. Mzee akapapasa mlango, akatoka.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu mama mkwe akanifuata nyuma ya zizi nikikatia ng'ombe majani.

"Baba yako hali chakula," akasema. "Anasema akili imemtoka, ati ameingia nyumba ya watu akidhani ni ya mtoto wake. Anataka nimfungie mlango asije akaaibisha watu." Akaniangalia. "Nami nimepita kwako, nimeona ulichofanya. Utamwacha mzee ajione mwendawazimu kwa sababu ya kidole cha mke wa mwalimu?"

Ile fomaika niliibandua mwenyewe kwa kisu na maji moto, maana nilimwonea fundi haya. Ilinichukua siku mbili. Gundi ilitoka na ngozi ya vidole vyangu, na ukingo ukabaki na mashimo ya misumari pande zote. Nikairudisha meza mahali pake, kisha nikavuka uwanja.

"Baba, hukupotea," nikamwambia. "Ulikuwa kwangu. Mimi ndiye nilifunika meza yako na kuigeuza, kisha nikanyamaza."

Akaigeukia sauti yangu.

"Kwa hivyo nilikuwa nyumbani?"

"Ndiyo, Baba."

"Na niliomba samahani?"

"Uliomba."

"Basi nirudishie."

"Samahani, Baba."

"Hiyo ni yangu umenirudishia. Sasa lete yako."

Nikamletea yangu, na machozi juu. Alasiri hiyo akaja. Hatua nne, kona, vidole vikaanza kuteleza, vikakutana na yale mashimo.

"Hii iliugua ndui?" akauliza.

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye. Kisha akaketi na kuniambia, bila kupandisha sauti, "Mimi niliunda meza ya kushikwa. Kama ulitaka ya kuangaliwa, ungesema, ningekuundia nyingine." Akanywa chai yake. Jambo hilo hakulitaja tena mpaka alipozikwa.

Sasa, mwanangu, kununua meza kuukuu si kosa. Kosa ni kuinunua kwa macho peke yake. Ipindue. Ikiwa juu ni mzee na chini ni mtoto, umedanganywa. Iguse miguu, na ukiona unga unadondoka kwenye vitundu, wadudu wako ndani, mwachie mwenyewe kabla hawajahamia kabati yako. Itikise. Inuse. Chukua kamba upime kiti chako kabla hujatoka nyumbani, maana meza inayopita kiti kwa urefu itakufanya unywe chai kama mtoto anayechungulia dirishani. Ukishaileta, acha njia mtu mwenye fimbo apite. Weka juu kitu kimoja unachokipenda, kitambaa ama maua, na nafasi inayobaki ni ya vikombe. Nta kidogo ya nyuki na kitambaa laini vinaitosha. Makovu yake yaache. Na kama ni meza ya watu wenu, kabla hujaisogeza hata shubiri moja, uliza ni nani anaitumia, na anaitumia vipi.

Wangechi, meza utachukua. Utaichukua na miguu yote minne, na nikisikia habari ya msumeno nitashuka Nyeri na gari la kwanza la asubuhi.

Mungu akupe wageni wanaokaa mpaka chai ipoe, na watoto wa kumwaga uji juu ya mbao hiyo, na mkono wa kufuta bila kelele.