Beringi Hamsini na Tatu

Bosi alitaka nibonyeze mara moja tu, mambo yaishe. Kompyuta ilisema stoo ina beringi sabini na tano. Rafu ilikuwa na ishirini na mbili. "Hizo hamsini na tatu zihamishie kwenye upotevu," alisema, "tuendelee na kazi. Ila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nahesabu mwenyewe. Zikipungua tena, mama, utatafuta kazi kwingine." Hakusema mwizi. Hakukuwa na haja ya kusema. Kitu kikipotea stoo, kila mtu anajua wa kwanza kutazamwa ni nani.

Sikubonyeza. Nina kiburi, nalijua hilo, na kilinisaidia siku ile kuliko akili.

Karakana yetu iko Mbinga mjini. Tunatengeneza mashine za mkono za kumenya kahawa mbivu: mkulima anamimina kahawa juu, anazungusha mpini, ganda linatoka huku na punje kule. Kila mashine inazungukia beringi mbili, na beringi hazitengenezwi kwetu, zinaagizwa mbali na zinafika zinapotaka. Wakati huo tulikuwa na oda ya mashine thelathini za chama cha wakulima wa kijiji cha Ukata. Zilitakiwa kabla ya msimu, kwa sababu kahawa iliyochumwa haimsubiri mtu. Usipoimenya mapema inachacha. Mashine thelathini ni beringi sitini. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta.

Programu ya stoo tuliwekewa na mwalimu wa chuo cha ufundi, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, mtu mpole aliyekuja kila Jumamosi na kikoti chake akilalamika baridi. Ilikuwa programu huria, yaani hainunuliwi, na mwenye kujua anaruhusiwa kuifungua ndani na kuibadilisha atakavyo. Ndiyo maana yetu ilizungumza Kiswahili: tulikaa mimi na yeye, neno kwa neno, tukibishana. Mimi nilikuwa nimezoea leja. Leja yangu ilikuwa na safu mbili, kilichoingia na kilichotoka, na niliamini elimu ya stoo inaishia hapo.

"Humu, mama, hakuna kuingia wala kutoka," mwalimu aliniambia. "Kuna kuhama. Kila kitu kimetoka mahali, kimekwenda mahali."

"Na kilichoibiwa?"

"Hicho nacho kina mahali pake. Panaitwa upotevu."

Nilicheka sana. Nilimwambia kompyuta yake ina roho nzuri kuliko mgambo wa sokoni. Maneno yenyewe sikuyaelewa, niliyameza tu kama dawa.

Kosa langu nililijua, ila sikujua ukubwa wake. Programu ilitoa beringi mbili kwenye hesabu kila mashine ilipokamilika. Lakini fundi akija dirishani hakuomba mbili. Aliomba nne. "Nipe nikachague inayokaa vizuri," na mimi nilimpa, maana nilimheshimu, na zile mbili zilizobaki sikumdai. Kwenye kompyuta zilikuwa bado rafuni. Niliwauliza mafundi wote wanne, mmoja mmoja. Fundi mkuu, mzee wa Kimatengo aliyenikuta nikiwa msichana, alitazama dari. "Mama, tungekuwa nazo tungekaa hivi?" Wengine walitazama dari hiyo hiyo. Nilirudi stoo nikiwa nimeumia. Wiki tatu nilisikia watu wakinyamaza nilipoingia chumba cha chai.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikwenda kwa mama yangu. Nilimkuta jikoni na jirani aliyekuja kuomba mahindi. "Mwenzangu, yameisha," mama alimwambia, bila kupepesa jicho, na juu ya kichwa chake, kwenye moshi wa mafiga, yalining'inia mahindi mazima na maganda yake, mafungu kwa mafungu. Jirani aliyaona. Aliitikia, akapewa maharage kidogo, akaondoka bila kinyongo.

"Mama, umesema uongo kwenye siku ya Bwana."

"Uongo gani?"

"Na haya?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekwenda shule mpaka akasahau mambo. "Hayo ni mbegu. Ameniuliza mahindi."

Niliweka kikombe chini. Nakumbuka niliinuka nikasimama katikati ya jiko, macho yananiwasha moshi. Mafundi wangu hawakunidanganya! Niliwauliza beringi, nao kweli beringi hawakuwa nazo. Walichokuwa nacho ni akiba. Kulikuwa na masika moja mzigo ulichelewa mno njiani, fundi asiye na beringi alishinda anapiga miayo huku mwenzake akifanya kazi, na tangu hapo kila mmoja alijiwekea zake. Kitu cha akiba hakisemwi, hakihesabiwi, na mwenzako hakuulizi. Hayo wameyanyonya kwa mama zao, kama mimi.

Na hapo hapo maneno ya mwalimu yakashuka tumboni. Beringi zile hazikupotea. Zilihama, na mimi sikuwa nimepaandika mahali zilipohamia.

Jumatatu nilimpigia mwalimu simu, akaja jioni. Tulitengeneza mahali papya ndani ya programu: Benchi la fundi mkuu, Benchi la pili, la tatu, la nne. Kila benchi likapewa namba ya siri ya mwenyewe. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kuhamisha hata nati. Kesho yake asubuhi nilimwita fundi mkuu dirishani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Sikuulizi kitu. Nakuonyesha tu. Hapa ni benchini kwako. Kilichopo hapa ni chako kutumia, hakiguswi mpaka wewe utie namba. Mimi sigusi. Bosi hagusi."

Alisoma taratibu, mdomo ukicheza. "Pameandikwa sifuri."

"Ndicho ninachokijua mimi."

Aliondoka. Baada ya chai alirudi na kopo la maziwa ya unga, akalitua mbele yangu, akafunua kitambaa chenye grisi. Kumi na nane! "Andika," alisema, akakunja uso ili asicheke. Mwenye benchi la pili alipoona kopo la mzee limerudi chini ya benchi lake likiwa zima, alileta kumi na mbili. Wa tatu alileta tisa, zimefungwa kwenye soksi. Pamoja na za rafuni zikafika sitini na moja. Mafundi wenyewe walishangaa. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye kopo. Walipigana mabega, wakatia namba zao wenyewe, na siku ile cheche za kuchomelea hazikukatika mpaka jua lilipozama.

Mashine zilitosha. Jina langu lilikuwa bado na upungufu wa kumi na nne. Bosi angefurahia oda, angesahau, na watu wangeendelea kunyamaza chumba cha chai. Hapana. Fundi wa nne, Mnyasa, alikuwa likizo kwao Kihagara. Simu yake haikupatikana. Alhamisi, siku moja kabla ya hesabu, nilipanda hiasi alfajiri ikateremka milima mpaka Mbamba Bay, nikavua sweta, nikachukua bodaboda.

Nilimkuta na mkewe wakianika mihogo juu ya mawe, ziwa likimeremeta nyuma yao. Aliponiona alitua ungo.

"Dada! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimefuata hesabu."

Alielewa. Alitazama chini, akasema alizibeba kwa kuogopa kopo lake lingeguswa akiwa hayupo, na kwamba hakuuza hata moja, na nimwulize mkewe. Sikumwuliza mtu. Nilitoa simu, nikafungua programu, maana mwalimu alikuwa ameniwekea na humo, nikaandika mahali papya mbele ya macho yake: Kihagara, nyumbani kwa fundi.

"Ziko wapi hasa?"

"Chini ya kitanda."

Nikaongeza na hilo. Mkewe aliangua kicheko. "Kitanda chetu kimeingia kwenye kompyuta!" Fundi aliingia ndani akatoka na mfuko. Kumi na nne, nilizihesabu juu ya jiwe, kati ya mihogo, na nilipiga kigelegele peke yangu kama niko arusini. Walinilisha ugali na mbelele, samaki wao wadogo wa ziwani, nikarudi mlimani na mzigo wangu mapajani.

Ijumaa bosi alikuja na miwani. Mashine thelathini zilikuwa zimepangwa uani, rangi ya kijani bado inanukia, na watu wa Ukata wamekwisha kufika na lori. Sabini na tano ukitoa sitini ni kumi na tano. Alihesabu rafu na mabenchi: kumi na tano. Akatazama kompyuta: kumi na tano. Akahesabu tena. Kisha akaanza kusoma safari za kila beringi, programu ile haifichi kitu, akafika kwenye chini ya kitanda, uso ukambadilika.

"Nani huyu aliyeiba?"

Kabla sijafungua mdomo fundi mkuu alisogea mbele, kofia mkononi. "Hakuna aliyeiba, bosi. Tulichukua sisi wanne, tukaweka akiba. Na tulimwacha mama huyu asemwe wiki tatu, tumekaa kimya. Stoo yake haijapoteza kitu."

Bosi alivua miwani. "Mama," alisema, taratibu, "nisamehe."

Kwetu mtu mkubwa akikuomba radhi unamkatiza haraka, unasema hakuna neno, usimwache aaibike. Sikumkatiza. Nilimwambia nimesikia mimi, lakini wale waliosimama karibu na lori hawakusikia. Akageuka, akarudia kwa sauti.